Titi ya unga wa chapati niliyoibeba kwa kikapu ya chai

Wakuu wa humu ndani, hamjambo. Na wewe hasa, rafiki yangu, unayesoma hii ukiwa umejifungia chumbani ndio watu wasione unasoma nini, karibu keti. Nakuambia vile ningekuambia tukichambua mboga.

Mimi ni mama wa kanisa. Sidanganyi. Hata hii maneno yote ilitokea kwa sababu sidanganyi, mtaona.

Mwaka huu nimefikisha themanini na sita. Kusoma na kuandika nilijifunza kwa gumbaru, ile shule ya jioni ya watu wazima, nikiwa na watoto watano na mwingine tumboni. Kwa hivyo mkiona makosa msilaumu mwalimu. Mwalimu alijaribu.

Wale wa "weka picha", hakuna picha. Mkifika mwisho mtashukuru hakuna picha.

Twende polepole.

Ni mwisho wa miaka ya sabini. Mimi nina miaka arobaini na moja. Sisi ni watu wa Maragoli, lakini bwanangu alikuwa ameandikwa kwa kiwanda ya chai huku Kericho, na mimi nachuna majani kwa estate. Mkono wa mchunaji hauhitaji macho. Unaguza tu, unajua hii ni laini iende kwa kikapu, hii ni ngumu itupwe. Shikilieni hapo kwa vidole, nitarudi.

Jumamosi nikimaliza kupima majani nilikuwa naenda Roret, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu, kufua nguo na kupepeta mchele kwa familia ya Muhindi mwenye duka. Duka ilikuwa ya kila kitu. Blanketi, mafuta ya taa, sukari, misumari, peremende.

Watu wa hiyo nyumba ni hawa. Baba Hansa, mwenye duka, mtu wa kuongea kidogo. Mama Hansa, bibi yake, rika yangu. Hansa, msichana wao mkubwa, miaka kumi na tisa, na wadogo zake wawili. Na Ba, mama mzaa Baba Hansa, nyanya mkali wa kukaa mlangoni na kijisanduku chake cha supari. Supari ni ile kokwa ngumu wazee wao wanatafuna. Ba alikuwa anasikia hadi mawazo.

Jumamosi moja Mama Hansa akanivuta store, nyuma ya magunia ya sukari. Akachukua mkono wangu akauweka kwa titi yake ya kushoto, juu ya blausi.

Mimi nikaruka. Nikasema, "Mama Hansa, Yesu anaona!"

"Nyamaza, Mama Enosi. Ba nasikia. Wewe nachuna majani, mkono yako najua. Hii iko nini?"

Nikaguza. Wakuu, vidole vikasimama vyenyewe. Ilikuwa kitu ngumu, inakwaruza-kwaruza, na ukiisukuma haisongi.

Nikamwambia hiyo ni ya hospitali, leo.

Akakataa. Na sababu zake hazikuwa za kijinga, msicheke bado. Hansa alikuwa ametafutiwa bwana, kijana wa familia nzuri ya Kisumu. Mama ya kijana alikuwa anakuja Roret kuangalia nyumba na kuangalia msichana. Sasa huyo mama akisikia kwa hii nyumba kuna ugonjwa ya titi, atasema iko kwa damu. Hansa ataachwa. Wadogo zake wawili nao wataachwa. Hata jina ya huo ugonjwa Mama Hansa hakuwa anaitaja. Alikuwa anaiita "kitu." Na tena daktari ni mwanaume. Mwanaume aone titi yake? Heri kifo.

"Lakini wewe," akaniambia, "wewe naweza kwenda. Nasema iko yako."

Nikamwambia siwezi kudanganya. Akalia. Nikamwambia basi nitaenda, lakini sitadanganya, Mungu atajua vile atafanya.

Mungu hakufanya kitu. Nilifika dispensari ya estate, nikaketi mbele ya dresa. Dresa ndiye alikuwa daktari yetu, Mkipsigis mmoja anaitwa Koech, mtu mzuri wa mzaha mingi. Nikamwambia kuna titi iko na kitu ngumu upande wa kushoto. Akaita nesi akasimama hapo, akanipima. Akapima tena.

"Mama Enosi, wewe uko sawa kama ng'ombe ya maonyesho."

"Najua. Si yangu."

"Si yako nini?"

"Titi."

Koech akaangalia titi, akaniangalia mimi. "Hii nimeshika ni ya nani?"

"Hiyo ni yangu. Ile gonjwa ni ya mtu mwingine. Nimetumwa."

Nesi akatoka nje kucheka. Koech akaweka kalamu chini, akasema, "Sikiliza mama. Mimi siwezi kupima titi imebaki nyumbani. Enda ulete hiyo titi."

Hayo ndiyo maneno yake, na mimi Jumamosi iliyofuata nikayafikisha vile yalivyo. "Amesema tulete titi."

Mama Hansa akafikiria sana. Halafu akaniuliza, "Titi peke yake?"

"Hivyo ndivyo alisema."

Akaenda jikoni akatoa unga.

Sasa mnaojua mama wa Kihindi na unga mtanielewa. Huyu mama alikanda unga kila siku ya maisha yake tangu akiwa na miaka saba. Akaweka maji, akaweka mafuta, akakanda, akajiguza, akakanda tena. "Bado. Hii iko ngumu kidogo." Akaongeza mafuta. Akaniambia nishike ile ya unga na mkono moja na ile yake na mkono ingine, nimwambie kama ziko sawa. Wakuu, nilifunga macho sikujua gani ni gani. Hata vile inalala upande mmoja, alifanya.

Ikabaki ile kitu ya ndani. Tukajaribu maharagwe, ikawa ndogo, tena nyororo. Tukajaribu mbegu ya parachichi, hiyo ilikuwa kujitakia mabaya. Mwishowe akanyemelea kijisanduku ya Ba, akatoa nusu supari, akaisukuma ndani mpaka mahali pake kabisa, karibu na kwapa.

Nikaguza. Ilikuwa ndiyo.

Nikasema, "Sasa weka chuchu."

Akashtuka kabisa. "Mama Enosi! Daktari iko mwanaume!"

Basi ikaenda bila chuchu.

Nikaiweka kwa sufuria, kitambaa yenye maji juu, sufuria ndani ya kikapu yangu ya chai, mgongoni, nikaondoka. Nikafika katikati ya shamba, mvua ya mawe ikaanza, ile ya Kericho ya saa kumi haijawahi kuchelewa. Mnajua unga na maji. Nikaweka kikapu chini katikati ya miti ya chai, nikailalia. Mawe yananipiga kisogo, mimi nimekumbatia titi ya Muhindi, naimba pambio.

Ilipoisha nikaona viatu. Ni nyapara wetu, arap Rono. Kazi yake Jumamosi ilikuwa kushika watu wanapika busaa, ile pombe ya unga.

"Mama, hapo kuna nini?"

"Sufuria."

"Ndani ya sufuria?"

"Unga."

"Aha! Unga ya pusaa!" Akafunua kitambaa, akafinya. Akafinya tena. "Hii si ya pusaa. Hii ni nini?"

Ningesema ni chapati, ningeenda zangu. Lakini mdomo yangu haina hiyo njia.

"Ni titi."

Arap Rono akatoa mkono haraka kama ameguza makaa. Akaangalia huku na huku. Akatoa kofia.

"Ya nani?"

"Siwezi kusema, napeleka kwa dresa."

Akafunika na kitambaa polepole na heshima yote, akasema, "Pole sana, mama," akanipisha. Mpaka anastaafu hakuwahi kunisimamisha tena. Na aliwaambia nini watu, sijui, kwa sababu kutoka siku hiyo hakuna mtu alitaka kunisaidia kubeba kikapu.

Kwa dispensari Koech aliniona na sufuria, akaanza kucheka kabla sijafungua. Akaosha mikono, kwa mzaha tu. Akaita nesi aje aone. Akaweka vidole.

Akacheka, akacheka, halafu akaacha.

Akaguza tena hapo karibu na kwapa. Akauliza, na sasa si mzaha, "Huyu mama amefanya hii mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ni hivi kabisa? Haisongi hivi?"

"Mimi nimeguza zote mbili. Ni hivi."

Akaketi, akaandika barua Kizungu, akaitia kwa bahasha, akafunga. "Mwenye hii unga aende hospitali ya wamisheni, kule upande wa Silibwet. Wiki hii. Si wiki ijayo, mama. Hii."

Nikaiweka barua kwa Biblia yangu. Sikufungua. Haikuwa yangu. Hapo, rafiki, kuna kitu nitakuambia mbele na utanikasirikia, hata mimi bado najikasirikia.

Mama Hansa akasema atakwenda. Lakini baada ya mama ya Kisumu kuja. Akija, aone, akubali, zawadi zikipeanwa, kesho yake anapanda gari.

"Ni lini?"

"Wiki sita."

Nikapiga magoti hapo kwa magunia nikamwomba. Akakataa.

Na hapo ndio mambo ikazidi kuwa wazimu, kwa sababu akaamua kuchunga ile kitu na unga. Kila Jumamosi alikuwa anakanda mpya, mimi nafunga macho naguza zote mbili, nasema sawa au si sawa. Wiki ya tatu nikasema si sawa. Akatoa nusu supari akaweka nzima.

 Siku hiyo nilifua nguo hata zenye zilikuwa safi.

Mlangoni Ba alikuwa anapiga kelele nani anakula supari yake. Alikuwa anashuku panya, halafu akanishuku mimi. Akanifungulisha mdomo aangalie meno. Nilifungua. Wakuu, kubeba siri ya mtu ni kazi.

Kwa kanisa nilikuwa siwezi kutaja jina, basi nikawa naomba kwa sauti, "Bwana, guza ile ya unga na ile ingine Wewe unajua." Mchungaji akaniita pembeni akaniuliza kama niko na ile shida ya kichwa ya mwezi mchanga. Nikamwambia niko na shida ya unga. Akanipa debe ya mahindi.

Haya. Wiki ya sita ikafika. Mama ya Kisumu akashuka kwa gari, anaitwa Kantaben. Mama mnene kidogo, miwani ya dhahabu, macho yanapima kila kitu. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai, kwa hivyo karibu yote niliona na macho yangu, na ile sikuona Hansa aliniambia. Na Kigujarati cha jikoni nilikuwa nimeshika, miaka sita ya kuambiwa sufuria ya kushoto, sufuria ya kulia, si mchezo.

Wao wako na desturi yao. Mama mkwe akija kuona msichana hasemi "nionyeshe msichana." Anaingia jikoni kama amepotea njia, anauliza, "Nani alikanda unga leo?" Anafinya. Unga inamwambia kama msichana ana mkono, kama ana haraka, kama ana hasira.

Hansa alikuwa amekanda yake tangu asubuhi. Lakini mtoto alikuwa anaogopa mpaka anaongeza maji bila kupima, unga ikawa kama uji wa mgonjwa. Ba aliiona. Ba hakuwa mtu wa kushindwa. Akazunguka jikoni, akafunua vitambaa, akakuta juu ya rafu kuna unga mzuri, umelala vizuri, laini, umepakwa mafuta. Akauchukua, akamwaga ule wa Hansa kwa ndoo, akauweka huu mezani.

Mimi nilikuwa nje nachota maji. Niliporudi na ndoo, Kantaben amesimama mbele ya titi, ile ya wiki hiyo, Mama Hansa alikuwa ameificha rafuni.

Nikaangalia Mama Hansa. Amekauka.

Ba anasema kwa kiburi, "Hansa ameukanda."

Kantaben akaweka mkono. Akafinya. Uso ukafunguka. "Laini," akasema. "Laini kama..." Akafinya hapa, akafinya pale, anatingisha kichwa, anasifu. Vidole vikaenda vikaenda, vikafika kando.

Vikasimama.

Wakuu, mimi najua vile vidole vinasimama. Vyangu vilisimama hivyo hivyo nyuma ya magunia.

Hakuuliza hii ni nini. Hakuuliza kwa nini kuna supari kwa unga. Aliuliza na sauti ndogo sana, "Nani alikanda hii?"

Ba akasema Hansa. Hansa, maskini, akasema, "Si mimi."

Mama Hansa akasema, "Mimi."

Wakaangaliana. Chai yangu ikafurika ikazima moto, hakuna mtu aligeuka.

Kantaben akauliza, "Upande gani?"

"Kushoto."

Yule mama wa miwani ya dhahabu akainua mkono wake wenye unga, akauweka kwa kifua chake mwenyewe, ukaacha alama nyeupe kwa sari ya hariri.

Akasema, "Yangu kulia."

Mwaka mzima na zaidi alikuwa ameficha. Ndio maana alikuwa na haraka ya kuozesha kijana. Alikuwa anaogopa sisi tutasikia tukatae! Yaani watu wawili wamevaa dhahabu wanakuja kudanganyana, na kitu ile ile iko ndani ya nguo ya wote wawili.

Ba ndiye wa kwanza kuongea. Akasema, "Kwa hivyo supari yangu..."

Nawaambia Mama Hansa alianza kucheka, Kantaben akacheka, wakashikana wakaanguka kwa gunia ya mchele wakicheka, halafu haikuwa kucheka tena. Wao wanaitana vevan, mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi. "Vevan, vevan," wanalia. Ba akaketi chini hapo hapo na vazi yake nyeupe, akawashika miguu.

Asubuhi yake Baba Hansa akatoa pickup. Walimwambia wanaenda Silibwet kununua sari za harusi, na mimi niende kuwabebea. Silibwet! Huko unapata jembe na mbuzi. Akaendesha mpaka kwa geti ya hospitali, na hakuna mtu alikuwa amemwambia aende hospitali. Akazima injini. Akasema akiangalia mbele, "Mimi nauza unga. Nyumba yangu inakanda ya watu ishirini, inakula ya watu sita. Nilijua kuna kitu. Nilikuwa naona aibu kuuliza."

Tukaingia. Nikatoa barua ya Koech kutoka kwa Biblia.

Mlango ukafunguka, daktari akatoka.

Alikuwa mwanamke.

Mzungu mmoja mrefu, na viatu vya matope, mwanamke kabisa. Alifungua bahasha akasoma, akanionyesha mstari, nikaomba anisomee kwa Kiswahili. Koech alikuwa ameandikia mtu yeyote atakayefungua: titi imekuja bila chuchu, mwenyewe anaogopa mwanaume; mwambieni huyu mama asiogope, daktari wa huko ni mwanamke.

Wiki sita hiyo mstari ilikuwa kwa Biblia yangu, katikati ya Zaburi. Kizungu ya gumbaru yangu haikuwa imefika mbali, lakini hata kama ilikuwa imefika, nilikuwa nimejivunia kutofungua. Na dresa sikurudi kumwuliza. Nilikuwa mwaminifu kama gogo. Na mimi pia nilikuwa kama wao, kila mtu anachunga heshima yake.

Daktari akapima Mama Hansa. Akasema titi itatolewa, na tumeshikilia ukingo na kucha, lakini tumeshika. Akapima Kantaben. Akaguza chini ya kwapa, akaguza juu ya mfupa ya shingo. Akamshika mkono na hakuuachilia haraka. Hapo nikajua.

Mama Hansa akatolewa titi, halafu akapelekwa Nairobi kuchomwa na mashine. Harusi ikafanywa upesi, Kantaben ndiye alisema iwe upesi. Alikuja amebebwa kwa kiti. Aliomba bibi harusi amletee unga, akafinya, unga ya Hansa mwenyewe, mbaya vile ilikuwa mbaya, akasema, "Hii ndiyo tamu. Haina kitu." Hakumaliza mwaka.

Baadaye karatasi za biashara zikawa ngumu, familia ikahamia Uingereza, Leicester. Mama Hansa alikuwa ananiandikia kwa Kiswahili chake cha duka, na mimi nikamjibu, asante gumbaru. Aliandika huko ni vile vile, akina mama wao wanaficha, wanasema "kitu", wanangoja mtoto aolewe, wanangoja wageni waende. Baridi tu ndio tofauti. Basi akawa anaenda kwa ukumbi yao na sufuria. Anawapa unga, anawaambia tafuteni supari. Kwanza walimwona wazimu. Halafu mmoja akaenda nyumbani akajiguza.

Aliishi miaka kumi na saba na titi moja, alikufa na moyo, usingizini. Na Hansa alipata kitu yake akiwa na miaka thelathini na nane. Ilikuwa kama punje ya mchele. Vidole vyake vilikuwa vinajua. Leo ni nyanya, ananipigia kwa video, bado hajui kukanda.

Mimi nimebaki huku. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akina mama wa kanisa wanakuja kwangu: Wakipsigis, Wakikuyu, sisi Waluhya, na mke wa mchungaji. Tunakanda unga, naweka kokwa, kila mtu anafunga macho anatafuta. Wakimaliza wanaenda chumbani mmoja mmoja na unga kwa mikono. Wawili walitoka kidole kikiwa bado pale pale, tukawapeleka hospitali siku hiyo hiyo. Wote wawili wanaimba kwaya.

Na siku hizi tunaweka chuchu.

Somo langu si refu. Aibu haina daktari. Na yule mtu unamficha, pengine amesimama mbele yako anaficha hiyo hiyo. Akina baba humu ndani, ulizeni. Usiwe kama Baba Hansa unahesabu unga.

Wenye kuuliza, ulizeni hapo chini, najibu asubuhi baada ya maombi. Wenye kucheka, chekeni, hata sisi tulicheka.

Halafu hii uzi uipeleke kwa mama yako, kwa dada, kwa group ya familia, kwa yule jirani Muhindi wa duka pia. Lakini rafiki yangu, kabla hujaituma, weka simu chini kwanza. Hiyo mikono miwili uko nayo si ya simu peke yake.